Adhabu Huvuka Mpaka, Nafuu Hubaki Nyuma: Leseni za Udereva na Majimbo ya Marekani

Serikali ya shirikisho ya Marekani haimpi raia wala mgeni, ukiacha wanadiplomasia, leseni ya kuendesha gari la kawaida. Leseni hutolewa na jimbo, iwe ni Ohio, Texas, Maine au jingine lolote kati ya yale 50, pamoja na Wilaya ya Columbia, na kila moja lina muda wake wa leseni, ada zake, mitihani yake na sababu zake za kumfungia dereva. Hata jina la ofisi hubadilika: New York ni DMV, Ohio na Indiana ni BMV, Massachusetts ni RMV, na Texas kazi hiyo imekabidhiwa idara ya usalama wa umma, DPS. Mtu aliyekulia Kenya, ambako leseni hutolewa na NTSA, au Tanzania, ambako hutolewa na TRA, na kutumika Mtwara sawasawa na inavyotumika Mwanza, hufika Marekani akidhani kwamba huku nako kuna mamlaka moja ya kuendewa mambo yakiharibika. Haipo, na kutokuwapo kwake ndiko kunakowafanya watu wengi wazunguke mwaka mzima kati ya ofisi zisizoweza kuwasaidia.

Hoja yangu ni kwamba utaratibu huu una kasoro moja ya msingi, ambayo ni kubwa kuliko usumbufu wa foleni na fomu. Adhabu inayotolewa na jimbo moja husafiri nchi nzima kwa kasi ya kompyuta, lakini mamlaka ya kuiondoa hayasafiri kamwe. Hubaki katika mahakama ileile, mara nyingi ya kaunti ndogo, na katika ofisi ileile ya jimbo ambalo pengine dereva alilipita mara moja tu akielekea harusini. Kwa mlevi aliyeua mtu barabarani, ukali huo una maana. Kwa mtu anayedaiwa faini ya mwendo kasi ambayo barua yake ilipotea, hauna, na utaratibu wenyewe haujui kuwatofautisha watu hawa wawili.

Mwanzo wake ulikuwa mwema. Mwaka 1960 Bunge la Marekani liliagiza kuundwa kwa daftari la taifa la madereva, na lengo la awali lilikuwa finyu: kuorodhesha waliofutiwa leseni kwa kuendesha wakiwa wamelewa au kwa kosa lililosababisha kifo, ili mtu aliyepokonywa leseni Virginia asivuke mto Potomac na kuomba nyingine Maryland. Baadaye wigo ukapanuka, na sheria ya 1982 ikabadili muundo wenyewe. Daftari la sasa, linalosimamiwa na NHTSA, shirika la usalama barabarani lililo chini ya Wizara ya Uchukuzi, halihifadhi historia ya makosa ya mtu. Linahifadhi jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa na alama nyingine za kumtambulisha, pamoja na jina la jimbo lililomfungia. Karani wa Pennsylvania akiingiza jina la mwombaji, daftari humwelekeza kwa jimbo lenye neno na mwombaji huyo, na jimbo hilo ndilo linalojibu. Ni kielekezi, si hukumu, ila mbele ya dirisha la karani tofauti hiyo haina faida yoyote, kwa sababu majibu yakirudi na kizuizi, ombi husimama hapohapo.

Juu ya daftari hilo kuna mikataba baina ya majimbo yenyewe. Mkataba wa Leseni za Udereva, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1960, umejengwa juu ya kanuni ya dereva mmoja, leseni moja na kumbukumbu moja. Majimbo mengi yamo, isipokuwa machache kama Georgia, Massachusetts, Michigan, Tennessee na Wisconsin. Mkataba wa pili, wa 1977, unahusu tiketi wanazopewa wasio wakazi. Kabla yake, dereva wa jimbo la mbali aliyekamatwa kwa kosa dogo aliweza kutakiwa aweke dhamana papo hapo. Mkataba ulimruhusu aende zake kwa ahadi ya kujibu mashtaka, na badala yake jimbo la nyumbani likakubali kumfungia leseni asipojibu, hadi atakapojibu. California, Michigan na Wisconsin ni miongoni mwa yasiyojiunga na huu wa pili. Kutokuwamo huko, hata hivyo, hakulifanyi jimbo kuwa kichaka cha kujifichia, kwa kuwa nayo hulipekua daftari la taifa kabla ya kutoa leseni mpya.

Katika mkataba ule wa kwanza kuna kifungu ambacho wanasheria wengi hukipita haraka, nami naona ndicho kinachofichua tatizo zima. Kifungu cha tano kinalizuia jimbo mwanachama kumpa leseni mtu ambaye leseni yake imefungiwa kwingine kwa sababu ya kosa, mradi kipindi cha kufungiwa hakijaisha. Kwa mtu aliyefutiwa leseni kabisa, ambayo ni adhabu nzito zaidi, kifungu hichohicho kinaacha mlango: mwaka mmoja ukipita tangu kufutiwa, anaweza kuomba leseni mpya kama sheria ya jimbo lake jipya inaruhusu. Aliyefungiwa hakuwekewa mlango kama huo, kwa sababu waandishi wa mkataba walidhani kufungiwa ni jambo la miezi kadhaa lenye mwisho unaojulikana. Hawakuona mbali hadi kwenye kufungiwa kusiko na tarehe, kule kunakodumu hadi deni lilipwe, ambako ndiko kulikoenea katika miongo iliyofuata. Matokeo yake ni kwamba, kwa maandishi ya mkataba, mtu aliyefutiwa leseni kwa kosa kubwa anaweza kuwa na tumaini la karibu kuliko mwenye faini asiyoweza kuilipa.

Leseni iliyokwisha muda ni suala la namna nyingine kabisa. Huyu hana shtaka kichwani. Kibali chake kimefika mwisho wa siku zake, na siku hizo hutofautiana sana: leseni ya kawaida ya Pennsylvania hudumu miaka minne, ya Texas minane, na Arizona hutoa inayoweza kudumu hadi mwenye nayo afikishe umri wa miaka 65. Aliyehama na leseni ikamwishia njiani hawezi kwa haki kuihuisha katika jimbo la zamani, kwa sababu leseni hutolewa kwa mkazi, naye si mkazi tena. Anapaswa kuomba mpya katika jimbo jipya, na ndani ya muda uliowekwa kwa wahamiaji: siku 10 California, siku 90 Texas, na mengine mengi kati ya hapo. Ikiwa leseni ya zamani imekwisha kwa muda mrefu, huenda akatakiwa kurudia mtihani wa maandishi na wa barabarani, jambo linalochosha lakini lisilo na siri. Wanaoharibu ni wale wanaoihuisha kwa anwani ya shemeji aliyebaki kule, ili kuikwepa foleni ya huku. Huko ni kusema uongo kwenye fomu ya serikali, na mfumo wa majimbo kuulizana kama mwombaji ana leseni kwingine, unaoendelea kuenea tangu 2015, umeufanya uongo huo uwe rahisi kugunduliwa.

Hata hivyo mpaka kati ya leseni iliyokwisha na iliyofungiwa si safi kama vitabu vya sheria vinavyouchora. Texas ni mfano mzuri. Huko, dereva asiyejibu tiketi au asiyelipa faini anaweza kuingizwa katika mpango unaowaunganisha mahakama na DPS, na kinachofuata si kufungiwa leseni bali kukataliwa kuihuisha. Leseni inabaki halali mfukoni hadi tarehe yake ifike, kisha inakufa bila mtu yeyote kutangaza adhabu. Mtu huyo husema, na kwa dhati, kwamba leseni yake imekwisha muda tu, hali sababu ya kutohuishwa kwake ni deni la mahakama ya mji ambao hata hakumbuki kuupita. Ushauri wa kawaida wa mitandaoni, kwamba leseni iliyokwisha ni ya kwenda kuhuishwa tu, haumfai hata kidogo.

Mtego wa pili unawagusa Waswahili wa Marekani moja kwa moja. Sheria ya REAL ID ya 2005, inayoweka viwango vya leseni zinazokubaliwa na serikali ya shirikisho kama kitambulisho, inataka leseni inayokidhi viwango hivyo, ikitolewa kwa mgeni mwenye ruhusa ya muda ya kukaa nchini, iishe siku ileile ruhusa inapoisha, na pasipo tarehe maalumu ya kuisha isizidi mwaka mmoja. Wakimbizi waliopokelewa rasmi, kama maelfu ya Wakongo waliotoka kambini Nyarugusu au Kyangwali, hawamo katika kundi hilo. Waombaji hifadhi ambao kesi zao bado zinasubiri wamo. Wakongo na Waangola waliofika Portland, Maine, katika kiangazi cha 2019 na kulazwa katika ukumbi wa michezo wa mji, walikuwa wa kundi hili la pili. Kwao, tarehe iliyo kwenye leseni ni kivuli cha tarehe iliyo kwenye kibali cha kazi. Ilikuwapo nyongeza ya hadi siku 540 iliyowalinda wengi walioomba kuhuisha vibali vyao kwa wakati, lakini serikali iliiondoa kwa maombi yaliyowasilishwa tangu tarehe 30 Oktoba 2025, na tangu hapo ucheleweshaji wa idara ya uhamiaji unaweza kugeuka moja kwa moja kuwa leseni iliyokwisha, kwa dereva ambaye hajawahi kupata tiketi hata moja. Akivuka kwenda jimbo jingine wakati huo, hana cha kubadilisha na hana cha kuhuisha.

Tuchukue sasa mfano wa kubuni, ili tuone jinsi adhabu na nafuu zinavyopishana. Mkongo anayeishi Columbus, Ohio, anaenda Indianapolis kumzika ndugu, na njiani, akiwa ndani ya jimbo la Indiana, anapewa tiketi ya mwendo kasi. Miezi michache baadaye anahamia Erie, Pennsylvania, kwa ajili ya kazi. Hakujibu tiketi, ama kwa kusahau ama kwa kuwa hakuielewa. Indiana haina uwezo wa kuigusa leseni ya Ohio yenyewe. Inachoweza kufungia ni haki yake ya kuendesha ndani ya Indiana. Inafanya hivyo, kisha inaiarifu Ohio, nayo Ohio kwa mujibu wa mkataba wa 1977 inaifungia leseni yake. Barua zote mbili zinaenda Columbus, kwenye nyumba inayokaliwa na watu wengine. Anapofika ofisi ya leseni Erie, anakuta vizuizi viwili kutoka majimbo mawili kwa kosa moja, na karani, hata awe mwema namna gani, hana kitufe cha kuviondoa.

Kuviondoa kuna mpangilio wake, na ndio watu wanaoukosea. Huanza kwenye mahakama iliyotoa tiketi, si kwenye ofisi ya leseni. Mahakama ikipokea malipo au ikipanga kusikiliza kesi, huiarifu ofisi ya leseni ya Indiana. Indiana huondoa kizuizi chake, mara nyingine kwa ada. Kisha ushahidi huo hupelekwa Ohio, ambayo nayo huwa na ada yake ya kumrejeshea mtu leseni. Ohio husafisha taarifa zake katika daftari la taifa. Na hapo ndipo Pennsylvania huona njia iko wazi. Anayeanzia mwisho, yaani Erie, atarudishwa kila mara. Anayelipa Indiana na kuisahau Ohio atarudishwa pia. Ni busara kudai barua ya uthibitisho katika kila hatua na kuibeba mkononi, kwa sababu mifumo ya kompyuta ya majimbo haya husasishwa kwa nyakati tofauti, na hakuna afisa ambaye kazi yake ni kuifuatilia safari yote.

Kuhusu barua zilizopotea, sheria ina msimamo usio na huruma. Mwaka 1971, katika kesi ya Bell dhidi ya Burson iliyotoka Georgia, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba leseni ikishatolewa inaweza kuwa nguzo ya riziki ya mtu, kwa hiyo serikali haiwezi kuichukua bila kufuata utaratibu wa haki. Uamuzi huo unasifiwa hadi leo, na unastahili. Ila sehemu kubwa ya utaratibu huo, kiutendaji, imekuja kuwa barua inayotumwa kwenye anwani ya mwisho iliyo kwenye kumbukumbu, na mzigo wa kuibadilisha anwani umewekwa kwa dereva. Wengi wa watu wetu wanajua kwamba mgeni akihama anatakiwa kuiarifu idara ya uhamiaji ndani ya siku 10, na kwa kuwa wameifanya kazi hiyo hudhani serikali imejua. Idara ya uhamiaji haiiambii ofisi ya leseni, wala posta haiiambii. Wakimbizi ni watu wanaohama sana katika miaka yao ya kwanza, wakifuata ndugu, kanisa, msikiti au kiwanda cha nyama chenye mshahara bora; ukilinganisha na mwenyeji anayekaa nyumba moja miaka 20, hao ndio ambao utaratibu wa barua huwaangusha kwa urahisi zaidi.

Ningekuwa nadanganya kama ningeishia hapo na kuonyesha kwamba ushirikiano wa majimbo ni ukandamizaji mtupu. Tarehe 21 Juni 2019, huko Randolph, New Hampshire, lori dogo lililokuwa limefunga tela liligongana na kundi la waendesha pikipiki na watu saba wakafa. Dereva alikuwa na leseni ya Massachusetts, na wiki chache kabla yake alikuwa amekamatwa Connecticut kwa tuhuma za kuendesha akiwa amelewa na akakataa kupimwa. Connecticut ilikuwa imepeleka taarifa, na leseni yake ya udereva wa kibiashara ilipaswa kuondolewa. Massachusetts haikuzifanyia kazi taarifa hizo. Uchunguzi uliofuata ulikuta maboksi ya barua kutoka majimbo mengine, makumi ya maelfu ya barua, yakiwa yamehifadhiwa bila kuguswa. Mkuu wa ofisi ya leseni alijiuzulu, na katika wiki zilizofuata ofisi hiyo ikawafungia kwa mkupuo madereva zaidi ya elfu moja. Mahakama ya New Hampshire ilimwachilia huru dereva huyo mwaka 2022 kuhusu vifo vyenyewe, kwa hiyo si haki kumtwika hapa kosa ambalo hakutiwa nalo hatiani. Lakini kuhusu leseni jambo liko wazi: kama jimbo la nyumbani lingezifanyia kazi taarifa hizo, asingekuwa na haki ya kushika usukani siku ile.

Tukio hilo hutumiwa na wanaotaka daftari liwe kali zaidi, nami nakubaliana nao nusu. Nusu ninayoikataa ni ile inayochukulia kwamba kila jina lililo ndani ya daftari ni hatari ya namna ileile. Kujaza daftari kwa madeni hakumsaidii karani kumwona mlevi. Humficha katikati ya umati. Chama cha wasimamizi wa leseni wenyewe, AAMVA, ambacho hakijulikani kwa uanaharakati, kilitoa mwongozo mwaka 2013 kikiyashauri majimbo yafute sheria zinazofungia leseni kwa mambo yasiyohusu usalama wa barabarani. Na mambo hayo ni mengi. Sheria ya shirikisho ya 1996 ya marekebisho ya misaada ya jamii inayataka majimbo yawe na utaratibu wa kufungia leseni za wanaodaiwa matunzo ya watoto. Sheria nyingine ya miaka ya mwanzo ya 1990 iliyasukuma yafungie leseni za waliopatikana na hatia za dawa za kulevya hata kama hakukuwa na gari katika kosa hilo, japo majimbo mengi yametumia ruhusa ya kujiondoa. Faini za mahakama zikaongezwa juu yake.

Mwelekeo umebadilika kwa kiasi. California iliacha kufungia leseni kwa faini zisizolipwa mwaka 2017, Texas ikafuta mpango wake mwingine, wa tozo za ziada kwa madereva, mwaka 2019, Virginia na Maryland zikafuata mwaka 2020, New York ikatia saini sheria yake siku ya mwisho ya mwaka huohuo, na Ohio ikapunguza sana ufungiaji wa namna hiyo mwaka 2025. Hizi ni hatua njema, lakini angalia zinavyogota kwenye mpaka. Jimbo lililoamua kwamba deni si sababu ya kumnyima mtu leseni bado linamkataa mwombaji ambaye jina lake limeletwa na jimbo ambalo halijaamua hivyo. Rehema ya California haimfuniki mtu anayedaiwa Florida. Kwa maneno mengine, sheria ya jimbo gumu zaidi huvaa joho la sheria ya taifa, na hakuna aliyeipigia kura nchini kote.

Kinyume chake pia hutokea, na huonyesha kwamba heshima ya majimbo kwa leseni za wenzao haijawahi kuwa ya wajibu usiokiukwa. Tangu tarehe 1 Julai 2023 Florida imeacha kutambua aina za leseni ambazo majimbo kama Connecticut na Delaware huwapa wasio na hati za uhamiaji. Leseni hizo ni halali zilikotolewa, na mwenye nayo aliyefaulu mtihani uleule wa barabarani huwa dereva asiye na leseni mara anapoingia Florida. Leseni njema inaweza kukataliwa mpakani. Kizuizi hakikataliwi.

Kwa madereva wa malori, kazi ambayo imewavuta Wakenya na Wasomali wengi, mambo ni makali zaidi, na sababu yake inaeleweka. Kabla ya sheria ya 1986, dereva wa lori aliweza kubeba leseni za majimbo kadhaa na kuwagawia polisi makosa yake kwa zamu. Leo ana leseni moja tu na kumbukumbu moja inayomfuata kila mahali, na makosa mawili ya kundi ambalo sheria huliita mazito (serious) ndani ya miaka mitatu humwondoa barabarani kwa siku 60. Asichokijua mgeni wa kazi hii ni kwamba tiketi ya gari lake dogo la nyumbani nayo inaweza kumgharimu, kwani tiketi hiyo ikisababisha leseni yake kufungiwa, lori nalo linasimama.

Kuna mambo machache ya kiutendaji ambayo naona yanapuuzwa. La kwanza ni kujua kabla ya kuambiwa: mtu anaweza kuomba taarifa zake mwenyewe kutoka daftari la taifa kwa barua iliyothibitishwa na mthibitishaji wa umma, na jibu litamtajia jimbo lenye kizuizi. Kwa aliyeishi majimbo matatu au manne, hilo ni bora kuliko kupiga simu kwa kubahatisha. La pili ni kutotegemea leseni ya nyumbani. Sheria za majimbo kwa kawaida humkataza mtu aliyefungiwa kuendesha kwa leseni ya mahali pengine popote wakati wa kufungiwa, na leseni ya Kenya au Burundi, hata ikiambatana na kibali cha kimataifa, haiondoi katazo hilo. Leseni yenye masharti, ile inayomruhusu mtu kwenda kazini au hospitali tu, nayo isichukuliwe kuwa pasi ya kuvuka mpaka. Ni ruhusa ya jimbo lililoitoa, na jimbo la pili halilazimiki kuitambua. Waliotakiwa kuwa na hati ya SR-22, ambayo kampuni ya bima huiwasilisha kuthibitisha kwamba dereva ana bima, waelewe kwamba sharti hilo, ambalo mara nyingi hudumu miaka mitatu, halifi kwa kuhama. Bima ikikatika hata kwa wiki moja, kampuni huliarifu jimbo lililoamuru, na kufungiwa huanza upya.

La mwisho linahusu familia zenye gari moja. Katika kesi ya Kansas dhidi ya Glover, iliyoamuliwa Aprili 2020 kwa kura nane kwa moja, Mahakama ya Juu ilisema kwamba polisi akikagua namba ya gari na kukuta mmiliki wake amefutiwa leseni, anaweza kulisimamisha kwa dhana kwamba mmiliki ndiye anayeendesha, isipokuwa akiona dalili kwamba siye. Gari lililoandikishwa kwa jina la baba aliyezuiwa litaendelea kuvutia macho ya polisi hata kijana mwenye leseni safi akiwa ndiye anayewapeleka wadogo zake shule. Na kuendesha huku leseni imefungiwa si kosa la faini tu. Katika majimbo mengi ni kosa la jinai. Kwa asiye raia, kukamatwa huleta alama za vidole, na alama hizo hufika idara ya usalama wa ndani, tena fomu ya kuomba uraia itauliza siku moja kama amewahi kukamatwa. Ndiyo maana sikubaliani na wazee wa jumuiya wanaomshauri kijana aendelee kuendesha polepole huku mambo yakishughulikiwa. Apande basi, aombe lifti, abadilishe zamu.

Kuhusu marekebisho, mimi sitaki daftari lifutwe. Nataka mambo mawili tu. Kwanza, Bunge la Marekani liiguse sheria ya daftari, ambayo sasa inazungumzia waliofungiwa kwa sababu bila kusema sababu ya namna gani, na kuirudisha karibu na shabaha ya 1960: ulevi, vifo, uzembe, kukimbia ajali, udanganyifu. Madeni yabaki kuwa madeni ya jimbo linalodai. Pili, nafuu ipewe miguu ileile iliyopewa adhabu. Mkataba wa 1977 tayari unaipa Ohio mamlaka ya kumfungia mkazi wake kwa niaba ya Indiana. Kifungu kimoja cha nyongeza kingeipa pia mamlaka ya kupokea jibu la tiketi na malipo kwa niaba hiyohiyo, na kuondoa vizuizi vyote viwili kwa ada moja. Kwa kuwa mikataba hii huingizwa katika sheria na mabunge ya majimbo, madai ya kifungu hicho kwa mkazi wa Erie yaanzie kwa mbunge wake wa jimbo aliyeko Harrisburg, mji mkuu wa Pennsylvania, kabla ya kwenda Washington.